Kiota Kimeisha

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya mabati. Kinda wa kalooli akiponyoka kiotani, juu kabisa ya mvule, hapigi kelele. Kwanza ni kimya, kisha kishindo kimoja kwenye paa la jiko la askari wa langoni, kama mtu ametupa sufuria yenye maji. Halafu kucha zinakwaruza kidogo zikitafuta pa kushika. Halafu basi. Nilikuwa nimesimama chini, kalamu mkononi, siku yangu ya kwanza kazini. Ssalongo, mzee aliyekuwa akinifundisha, hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai. Alisema tu, "Nyekundu, moja."

Naitwa Nelima. Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaoanza kuhesabu kalooli kwenye miti ya upande wa Mengo, hapa Kampala, kwa kuwa mimi niliifanya kazi hiyo Nakasero kwa miaka kadhaa, mpaka nikastaafu. Msicheke. Najua kustaafu ni neno la watu wenye mvi na bakora, na mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Siku hizi nauza mapazia ya mtumba na shangazi yangu pale soko la Owino, na mteja akiniuliza nimesomea nini, namwambia nimesomea ndege, kisha tunacheka wote. Shule niliiachia kidato cha pili, huko kwetu Bungoma. Lakini kazi inapofikia mwisho kwa sababu uliokuwa ukiwahesabu hawapo tena, mimi naona huko ni kustaafu, hata kama bado unapanda boda bila kushikwa mkono.

Kalooli mnamjua, hakuna asiyemjua hapa mjini. Yule korongo mkubwa mwenye upara, mfuko shingoni, na miguu iliyopakwa kinyesi chake mwenyewe kama soksi nyeupe. Watu wanamwona mchafu. Mimi nilimpenda tangu wiki ya kwanza, na sababu yenyewe ni ya kitoto: jua likiwaka sana, mama anasimama kiotani na kufungua mabawa, makinda wanakaa kivulini mwake, na yeye anabaki kuungua tu, mdomo wazi. Nilikuwa nawapa makinda majina. Ssalongo aligundua akaniambia niache. "Wewe Nerima," alisema, maana L ya jina langu haikuwahi kumtoka mdomoni, "ukipatia yeye jina, siku ya nyekundu utalia." Sikuacha. Na nililia, mara nyingi tu.

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Mwalimu mmoja wa sayansi aliuanzisha, akahama mji, akatuachia darubini yenye jicho moja zima na karatasi kubwa ya manila iliyobandikwa kwenye ukuta wa stoo. Stoo ilikuwa nyuma ya jengo la ofisi za kupangisha, na uani mwa jengo hilo ndipo mivule yetu ilipokuwa. Kwenye manila kulikuwa na mistari miwili. Wa kijani ulikuwa wa waliozaliwa kila mwezi, na mwekundu wa waliokufa. Kazi yetu ilikuwa kuweka nukta mbili kila mwisho wa mwezi, kuziunganisha na zilizotangulia, kisha kusimama na kujua karatasi inasema nini. Kuweka nukta kunawezwa na yeyote. Huko kusimama ndiko kugumu.

Kosa langu la kwanza hamtaniamini. Niliona mstari wa kijani unashuka, mwezi baada ya mwezi, nikakimbia kwa Ssalongo machozi yananilengalenga, nikamwambia ndege wetu wanakwisha.

"Nani nakwambia?" akauliza.

"Mstari wenyewe. Uone unavyoteremka."

Ssalongo alikuwa mpishi wa jeshi maisha yake yote, na kila kitu alikieleza kwa chakula. "Sikiriza. Kwa kambi, leo naingia watu kumi, natoka sita. Kesho mimi napika ugali mingi ao kidogo?"

"Mwingi."

"Kesho kutwa naingia nane, natoka sita. Napika namna gani?"

Nikafikiri. "Bado mwingi zaidi."

"Sasa musitali nashuka, lakini sufuria nazidi kuwa kubwa. Wacha kulia. Usiangalie musitali moja. Angalia nafasi katikati."

Hilo ndilo somo ninalowaachia kabla ya mengine yote. Kijani kikishuka lakini bado kiko juu ya chekundu, ndege wanaongezeka, ila polepole. Nafasi katikati ndiyo nyongeza yenu. Inaposinyaa, nyongeza inasinyaa. Na pale mistari miwili inapokutana, hapo mtaona ajabu: siku hiyo ndege ni wengi kuliko siku zote. Hawajaanza kupungua. Miti imejaa, magari yaliyoegeshwa chini yamepakwa chokaa, watu wanalalamika mpaka barazani. Kila mtu anasema ndege wamezidi. Na kwenye karatasi, hiyo ndiyo siku mlango unapoanza kufungwa. Ni jambo la huzuni sana kujua, na hamtapata wa kumweleza, kwa sababu ukitoka nje unakuta matawi yameinama kwa uzito wa ndege.

Mengine ni ya kawaida. Msisimame chini ya kiota bila mwavuli, hata kiangazi. Hesabuni adhuhuri, makinda wanaposimama kutafuta kivuli cha mama yao. Asubuhi wamelala na utaona kiota kitupu kumbe kimejaa. Kinyesi kikiwa cheupe na kibichi, kiota kiko hai. Kikiwa cha kijivu na kimepasuka, nendeni mkaulize. Na kalooli aliyesimama kwa mguu mmoja, macho ameyafumba, hajafa. Niliwahi kumwandika mmoja kwenye nyekundu, akageuza kichwa akanitazama kama afisa wa forodha. Ssalongo aliicheka hiyo mwaka mzima.

Sasa nije kwenye lile lililonileta hapa.

Palikuwa na mama aliyefagia ule ua. Tulimwita Mama Kahindo, kwa jina la mwanawe, ndivyo alivyotaka. Alitoka Butembo, Kongo, alikimbia na watoto na mashine ya kushonea, na mashine ikabaki njiani. Alijua viota vyetu kuliko tulivyovijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeokota kilichoanguka. Msimu mmoja Ssalongo alivimba mguu akawa wa kukaa tu nyumbani kwake Mengo, na mimi alikuwa akinituma kuhesabu miti mingine huku na kule mjini. Nakasero nilipita jioni ya mwisho wa mwezi tu kuweka nukta, kwa hiyo habari za viota tulizipata kwa Mama Kahindo. Alinitumia sauti kwa simu kila baada ya siku chache, nyuma yake unasikia ufagio. "Bonjour dada. Kiota ya muti ya pili iko sawa. Ya muti ya tatu iliisha."

Lazima niwaeleze kwamba "kiota kimeisha" lilikuwa neno letu la kazi. Ssalongo ndiye aliyelileta, kutoka jeshini. Askari wakirudi salama mpishi anaambiwa kazi imeisha, weka chai. Basi kwetu kiota kilichoisha ni kiota ambacho makinda wameota manyoya, wameruka, wameenda zao. Ni kiota cha furaha. Kila Mama Kahindo aliposema kimeisha, mimi nilitabasamu peke yangu barabarani, na nukta nyekundu ikabaki chini.

Ndiyo maana msimu ule manila yetu ilipendeza. Kijani kilikuwa kimeshuka kidogo, lakini chekundu kililala chini kabisa kama mstari wa meza. Nafasi katikati ilikuwa pana. Meneja wa jengo alikuja stoo kutafuta ndoo, akaiona karatasi, akaniuliza maana yake. Hakuwa mtu mbaya yule, wapangaji walikuwa wakimpigia simu kila siku kuhusu magari yao. Nikamweleza kwa fahari kubwa. Akaweka kidole kwenye ile nafasi.

"Kwa hiyo, madam, wanaongezeka."

"Tena sana," nikasema.

Akatikisa kichwa, akachukua ndoo yake. Wiki hiyohiyo tukasikia ameomba ruhusa ya kukata mivule.

Nilikwenda kuitazama miti adhuhuri moja, nikiwa na uchungu, nikisema angalau niwaone wakiwa wengi hivyo. Nikahesabu. Nikafuta darubini kwa khanga, nikahesabu tena. Karatasi ilisema ua umefurika, na juu ya matawi palikuwa na nafasi ya kuanika nguo. Nikafikiri labda vijana wameshatoka. Kalooli mdogo akiruka kutoka kiotani, huwa anakwenda na wakubwa jalalani, na mtamjua kwa mabawa yake ya kahawia na vile anavyoogopa mbwa. Nikaenda jalalani kwa miguu. Wazee watupu, hakuna kijana hata mmoja.

Nikarudi nikamkuta Mama Kahindo amekaa kwenye ngazi anachambua sombe, majani ya mhogo.

"Mama Kahindo, shikamoo. Kile kiota cha mti wa tatu, uliponiambia kimeisha, watoto walikwenda wapi?"

"Kwenda wapi, dada? Iliisha."

"Ndiyo, waliporuka, walielekea upande gani?"

Akaacha majani, akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni kwangu. "Nani aliruka? Minasema iliisha. Unga ikiisha mu mufuko, inarukaka?"

Akaendelea, kwa upole sasa, kwa sababu alianza kuona. "Moja ilianguka. Ile ingine mvua iliipiga. Ya muti ya ine pia ni vile. Nilizizika kule nyuma ya choo, juu ya vile askari alisema zinanuka. Dada, nilikuwa nakuambia kila mara."

Na ni kweli, alikuwa ananiambia kila mara. Watu watatu, Mkenya, Muganda na Mkongomani, kila mmoja na Kiswahili chake, na neno moja lilipita katikati yetu msimu mzima likiwa na maana mbili. Mama Kahindo alilisema kwa msiba, na kwangu likafika kwa shangwe.

Nilikwenda Mengo jioni kumwambia Ssalongo. Mke wake alinikaribisha, nikapiga magoti kama desturi ya huko, nikaeleza. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akausugua ule mguu wake.

"Jeshini," akasema, "kira mutu alisema kazi imeisha, mimi naweka chai. Hapana uliza imeisha namna gani." Akatazama dirishani. "Ingine siku, sufuria nabaki chai mingi."

Wadogo zangu, mstari mwekundu ukilala chini kabisa, msifurahi upesi. Huenda hawafi. Huenda pia wanakufa na hakuna anayewaleta kwenye karatasi. Na kuna jambo la tatu, baya zaidi, kwamba hawafi kwa sababu hakuna aliyebaki wa kufa. Kwa yote matatu mstari ni uleule. Karatasi haitawatofautishia. Mtafuteni anayefagia, mkae naye, mchambue naye sombe, na mumuulize neno lake lina maana gani nyumbani kwao.

Tulichora upya. Mama Kahindo alikumbuka kila kaburi nyuma ya choo, anataja mwezi kwa mboga iliyokuwa sokoni. Nukta nyekundu zikapanda moja baada ya nyingine, nikiziunganisha, na ule mstari ukakata kijani ukaenda juu yake. Mahali pa kukatana palikuwa nyuma kabisa, wakati ule wapangaji walipolalamika kuliko wakati wowote.

Tulichobaki nacho ni viota vya mwisho vya msimu ule, makinda wakubwa wakubwa, manyoya yameanza kufunga. Wangehitaji wiki kadhaa tu waruke. Hatukutaka tena kuokoa miti. Tulitaka wiki hizo. Ssalongo alikuja Nakasero kwa boda, mguu umefungwa kitambaa, amevaa koti lake la sherehe, na tukaingia ofisini kwa Meneja na karatasi mpya.

Aliitazama vizuri, siwezi kumsingizia. "Juzi mlinionyesha wanaongezeka," akasema, "nikaona heri nikate. Leo mnanionyesha wanakwisha wenyewe. Sasa mnataka nibakize miti ya nini?"

"Waliobaki waruke kwanza," nikasema.

"Kisha?"

Sikuwa na kisha. Nilikuwa nimeota nyingi, kwamba siku moja nitakuwa na ua wangu wenye mivule, kwamba wataniita redioni nieleze mistari miwili, lakini kisha ya pale ofisini sikuwa nayo.

Ssalongo akasimama wima, licha ya mguu wake mbovu, kama yuko mbele ya kanali. "Sir. Mimi naomba muda kidogo tu. Hii watoto iko tayari karibu kutoka."

Meneja akatazama mguu, akatazama koti. "Sawa, mzee," akasema.

Tulitoka tumefurahi. Mimi nilimshika Ssalongo mkono ngazini tukishuka, nikisema umeona, kumbe anasikia. Ssalongo alisimama tulipofika langoni. "Nerima," akasema, "hapa Kampala sawa ni kusema nimesikia."

Sikutaka kumwelewa.

Asubuhi ya mambo yenyewe nilikuwa Owino namsaidia shangazi kufungua marobota. Simu ikalia, ujumbe wa sauti wa Mama Kahindo. Nikaufungua. Hakusema hata neno. Ulikuwa mngurumo wa msumeno tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilipofika, mivule ilikuwa imelala uani, na ua ulikuwa na mwanga mwingi mno, kama chumba kilichoondolewa pazia. Wakubwa walisimama juu ya paa la jengo, wamepangana kimya. Makinda hawakuwa wamepata pa kwenda. Mama Kahindo alikuwa amewapanga kwenye gunia, mmoja mmoja, mabawa yamekunjwa, na alikuwa amesimama hapo na ufagio wake, hafagii.

"Hii ni gani, dada?" akaniuliza. "Tutaiweka fasi gani mu karatasi?"

Meneja alikuwepo, anaonekana hajalala vizuri. Alisema watu wa msumeno walikuwa na kazi kwingine wiki iliyofuata, ikabidi iwe siku hiyo. Kisha akasema, kwa sauti ya kunisaidia, "Kwenye ile karatasi yenu, madam, andikeni kwamba wamehama. Si unawaona kule juu? Wamehama tu."

Nikampigia Ssalongo. Nilimweleza gunia, nikamweleza na neno la Meneja. Nikasikia mke wake anamuuliza ni nani.

"Nyekundu haiulizi nani ameua," akasema. "Hesabu tu, mwanangu." Na akakata simu. Hakuwahi kurudi Nakasero, na mguu ule ndio uliomchukua mwaka uliofuata. Mama Kahindo alipata kazi ya kufagia kwingine. Mradi haukufungwa na mtu yeyote. Ni kwamba tu hapakuwa na kitu cha kuhesabu.

Lakini siku ile nilihesabu. Tuliwazika na Mama Kahindo nyuma ya choo, kisha yeye akaenda kuchukua watoto shule, na wafanyakazi wa msumeno wakaenda kula. Nikaingia stoo peke yangu. Kijani kilikuwa rahisi, kilikaa chini kabisa kwenye sufuri. Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuata mstari wa mwezi ule kwenda juu kwa kidole, nikapanda, nikapanda, na karatasi ikaisha kabla ya hesabu yangu kufika.

Ningeweza kuweka nukta pale ukingoni na kuandika idadi pembeni. Watu hufanya hivyo. Nikatazama huku na huku, nikapata kalenda ya zamani nyuma ya mlango. Nikaikata ukurasa mmoja, nikaugeuza upande mweupe. Gundi haikuwepo, kwa hiyo niliwasha jiko la askari, nikakoroga unga wa mhogo kwenye kikopo mpaka ukavuta. Nikaupaka kwa kidole ukutani, nikakibandika kile kipande cha kalenda kwenye ukingo wa juu wa manila, nikakipapasa kisiwe na mikunjo, na nikasubiri kikauke. Kisha nikapanda juu ya ndoo na kuiweka nukta mahali pake.